Noti Nne za Karibi: Ipi Iingie Kwanza Katika Mkusanyiko Wako?

Mkusanyaji ambaye albamu yake ina noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, za Benki Kuu ya Kenya au za Benki Kuu ya Tanzania, anapoamua kununua noti yake ya kwanza ya Karibi, hujikuta mbele ya wingi unaokwamisha. Eneo hilo lina nchi huru na makoloni yaliyotumia pauni, dola, peso, gourde, gilda na faranga, na wauzaji wa noti huziorodhesha zote mahali pamoja kana kwamba zilitoka mkono mmoja. Hapa nimechagua nne ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzifikia, na ambazo kila moja ina jambo zito la kusema. Ya kwanza ni dola 1 ya Maeneo ya Karibi ya Uingereza, Kundi la Mashariki, yenye sura ya Malkia Elizabeth wa Pili, iliyotolewa kati ya 1953 na 1964. Ya pili ni dola 2 ya Jamaika yenye sura ya Paul Bogle. Ya tatu ni peso 3 ya Kuba yenye sura ya Che Guevara, na ya nne ni gourde 10 ya Haiti ya mfululizo wa 2004, yenye sura ya Sanité Bélair.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima noti zote kwa mambo manne. La kwanza ni historia: noti ilizaliwa katika tukio gani, na sura iliyo juu yake ilifikaje hapo. La pili ni mchoro na uchapaji, yaani yale ambayo jicho na kidole vinayapata mtu anapoishika. La tatu ni urahisi wa kuipata katika hali nzuri na namna ya kuikagua. La nne ni njia inayofunguka baada ya kuinunua, kwa sababu noti moja huita nyingine, na mkusanyiko mzuri una mwelekeo.

Bei sikuifanya kigezo cha kujitegemea. Noti ileile, ya mwaka uleule, inaweza kuuzwa kwa tofauti kubwa kati ya ile iliyochakaa mifukoni na ile isiyowahi kukunjwa, hivyo tarakimu moja ingempotosha msomaji. Inatosha kusema kwamba ya Haiti na ya Kuba kwa kawaida ni nafuu, ya Jamaika iko katikati kutegemea mwaka na hali yake, na ya Kundi la Mashariki ndiyo inayodai mfuko mzito zaidi, hasa ikiwa safi.

Historia inayobebwa na noti

Dola ya Kundi la Mashariki ilisimamiwa na bodi ya sarafu iliyoundwa mwaka 1950, na noti zake zilianza kutumika mwaka uliofuata katika Trinidad na Tobago, Barbados, Guiana ya Uingereza, na visiwa vya Leeward na Windward. Thamani yake ilifungwa kwenye pauni kwa kiwango cha dola 4.80 kwa pauni moja, kwa hiyo dola 1 ilikuwa sawa na shilingi 4 na peni 2 za Uingereza. Kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilikwenda sambamba na ya Uingereza, noti hii nyekundu ilikuwa na thamani ya takriban shilingi 4 na senti 17 za Mombasa au Dar es Salaam za wakati huo. Noti za kwanza zilikuwa na sura ya Mfalme George wa Sita. Sura ya Malkia ikaingia mwaka 1953.

Jambo linaloipa uzito ni kwamba ilikuwa sarafu ya ndoto ya kisiasa. Mwaka 1958 Shirikisho la West Indies, muungano wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza, lilizaliwa, likafa Mei 1962 baada ya Wajamaika kupiga kura ya kujitoa mnamo Septemba 1961 na Trinidad kufuata. Sarafu ilidumu muda mfupi tu baada ya shirikisho lenyewe kufa. Trinidad na Tobago ilianza dola yake mwaka 1964, Guiana nayo ikashika njia yake, na visiwa vilivyobaki vikajipanga upya chini ya mamlaka mpya ya sarafu mwaka 1965, ambayo baadaye ilirithiwa na Benki Kuu ya Karibi ya Mashariki yenye makao yake Basseterre, katika kisiwa cha Saint Kitts. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hadithi hii kwa upande wake, kwa sababu bodi yetu iliyoanzishwa mwaka 1919 ilipitia njia inayofanana nayo: viongozi walitangaza nia ya kuunda shirikisho mwaka 1963, shirikisho halikuundwa, na mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ikatoa noti zake. Tofauti ninayoiona kuwa muhimu ni kwamba noti za Afrika Mashariki za mwaka 1964 zilimwondoa Malkia na kuweka jahazi ziwani, ilhali Kundi la Mashariki lilimbakiza mpaka mwisho wake.

Jamaika ilikuwa mwanachama wa shirikisho hilo lakini haikutumia dola hiyo. Ilibaki na pauni yake. Ilipohamia dola tarehe 8 Septemba 1969, dola moja iliwekwa sawa na shilingi 10 za zamani, hivyo noti ya dola 2 ilichukua nafasi ya noti ya pauni moja. Hapo ndipo penye kiini cha noti hii. Pauni ya Benki ya Jamaika ilikuwa na sura ya Malkia. Dola 2 ikaja na sura ya Paul Bogle, shemasi wa Kibaptisti kutoka Stony Gut, ambaye tarehe 11 Oktoba 1865 aliongoza maandamano ya watu maskini hadi kwenye mahakama ya Morant Bay. Gavana Eyre alijibu kwa sheria ya kijeshi. Zaidi ya watu 400 waliuawa, na Bogle mwenyewe akanyongwa tarehe 24 Oktoba, siku moja baada ya mwanasiasa George William Gordon, ambaye sura yake iliwekwa kwenye dola 10. Mtu aliyenyongwa na serikali ya Malkia Victoria alikabidhiwa nafasi iliyokuwa ya Elizabeth wa Pili, mtoto wa kitukuu wa Victoria. Sijui noti nyingine ya Karibi ambayo mabadiliko hayo yanasomeka kwa uwazi kiasi hicho kwenye thamani ileile.

Peso 3 ya Kuba ilitoka kwanza mwaka 1983, miaka 16 baada ya mwanamapinduzi Che Guevara kuuawa Bolivia. Lakini uhusiano wake na noti za Kuba ni wa zamani zaidi, maana kuanzia Novemba 1959 hadi Februari 1961 alikuwa rais wa Benki ya Taifa ya Kuba, na noti za kipindi hicho alizitia sahihi kwa neno moja fupi, “Che”. Noti mpya za 1961 zilichapwa kwa siri Czechoslovakia na kutolewa kwa ghafla mwezi Agosti mwaka huo, noti za zamani zikafutwa ili fedha zilizotoroshwa nje au kufichwa majumbani zipoteze nguvu. Zilipoingia mikononi mwa watu, Che alikuwa ameshaondoka benki na kwenda kuongoza wizara ya viwanda, ila sahihi yake ilibaki. Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna sababu ya ziada ya kuijali noti hii: Aprili 1965 Che alifika Dar es Salaam, akapitia Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi mashariki mwa Kongo, ambako wapiganaji walimjua kwa jina la Tatu, na baada ya kushindwa huko alijificha kwa muda katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam.

Haiti ilijipatia uhuru tarehe 1 Januari 1804, na mfululizo wa noti wa 2004 ulitolewa kuadhimisha miaka 200 ya tukio hilo. Nyuso zake karibu zote ni za wapiganaji na watawala wa mwanzo: Capois, Christophe, Dessalines, Pétion na wengine. Mwanamke ni mmoja tu, Suzanne Sanité Bélair, luteni katika jeshi la Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti; alikamatwa na majeshi ya Jenerali Leclerc wa Ufaransa na kuuawa pamoja na mumewe, Charles Bélair, tarehe 5 Oktoba 1802. Inasimuliwa kwamba alikataa kufungwa kitambaa machoni na akataka kuuawa kwa risasi kama askari. Hakuuona uhuru, ulikuja miezi 15 baadaye. Gourde yenyewe ilianza mwaka 1813, na ilipitia fedheha yake: noti za enzi ya uvamizi wa Marekani na miongo iliyofuata zilichapwa ahadi ya kulipwa kwa kiwango cha gourde 5 kwa dola moja ya Marekani. Kiwango hicho kimekwisha zamani, lakini hadi leo sokoni Haiti watu wanataja bei kwa “dola ya Haiti”, maana yake gourde 5, ingawa hakuna noti iliyoandikwa hivyo.

Mchoro na uchapaji

Kwa ufundi wa uchapaji, dola ya Kundi la Mashariki iko mbele, nami nasema hivyo bila kuipenda picha yake kuliko nyingine. Ilichapwa na Bradbury Wilkinson wa Uingereza kwa sahani za chuma zilizochongwa, na noti isiyotumika sana huacha wino ulioinuka ambao kidole kinausikia kikipita juu ya sura na maandishi. Ukiitazama mbele utaona ramani ya bahari ya Karibi ikiwa upande wa kushoto na Malkia upande wa kulia: bahari na visiwa vipo, watu wa visiwa hivyo hawapo. Nyuma kumepangwa nembo za maeneo yaliyoitumia, na hilo linamsaidia mgeni kujua ni nani waliokuwa ndani ya mkataba huo. Noti za mwanzo za Malkia, za 1953, zina alama ya maji ya jahazi. Zilizofuata zina alama ya maji ya sura ya Malkia mwenyewe. Ishike dhidi ya dirisha kabla ya kulipa, kwa sababu tofauti hiyo ina maana kwenye bei.

Dola 2 ya Jamaika ilichapwa na De La Rue. Mbele yuko Bogle akimtazama mtu usoni, na pembeni yuko ndege wa taifa, yule mwenye mkia mrefu wa nyuzi mbili ambaye Wajamaika humwita daktari. Utajiri wake, hata hivyo, uko nyuma. Pale pana kundi la watoto wa shule wakiwa wamesimama pamoja, picha iliyopigwa mwaka wa uhuru, 1962, katika shule ya Central Branch jijini Kingston, ikiwa na maneno ya kaulimbiu ya taifa yanayosema kwamba kutoka kwa wengi wamekuwa watu wamoja. Watazame kwa lenzi: hawa si sura za kubuni, ni watoto waliokuwapo, na kila mmoja ana namna yake ya kuikabili kamera. Mbele kuna mtu aliyeuawa mwaka 1865, nyuma kuna watoto wa 1962, na unene wa karatasi peke yake ndio unaowatenganisha. Picha hiyo ilipendwa kiasi kwamba Benki ya Jamaika iliirudisha nyuma ya noti za ukumbusho wa miaka 50 ya uhuru mwaka 2012.

Peso 3 ya Kuba ina rangi nyekundu na mchoro wa moja kwa moja: mbele Che mwenye bereti, nyuma Che akikata miwa. Upande wa nyuma ndio ninaoupendelea, kwa sababu unamwonyesha waziri na rais wa zamani wa benki akiwa na panga shambani, katika kazi ya kujitolea ambayo serikali yake ilitaka kila raia aifanye, na miwa ndiyo iliyokuwa mhimili wa uchumi wa nchi hiyo.

Gourde 10 ina nembo ya miaka 200 ya uhuru, na nyuma imechorwa ngome ya Cap-Rouge. Noti za mfululizo huo karibu zote zina ngome nyuma, kwa sababu baada ya 1804 Dessalines, mtawala wa kwanza wa Haiti huru, aliamuru zijengwe milimani kote kwa hofu ya Wafaransa kurudi. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya Christophe kaskazini, iliyo kwenye gourde 100. Maandishi ni ya Kifaransa upande mmoja na ya Kikrioli upande wa pili.

Kuipata na kuikagua

Noti za Haiti na za Kuba ndizo rahisi kuzipata zikiwa mpya kabisa, hivyo hakuna sababu ya kununua iliyochakaa isipokuwa unataka makusudi noti iliyopita mikononi mwa watu. Kwa peso 3 angalia jina la benki: zile za miaka ya 1980 zimetolewa na Banco Nacional, na zile za kuanzia 2004 na Banco Central, iliyoanzishwa mwaka 1997. Wauzaji wengine hawatofautishi, na anayetaka toleo la kwanza anaweza kutumiwa la baadaye. Walio Marekani wajue pia kwamba malipo yanayotaja Kuba yanaweza kuzuiwa na kampuni ya malipo kwa sababu ya vikwazo, kwa hiyo wapange njia ya kulipa mapema.

Dola 2 ya Jamaika ilitolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na za miaka ya mwisho hupatikana bila shida. Matoleo ya mwanzo hayana tarehe ya mwaka wa kutolewa; yana tu mwaka wa sheria, 1960, na muuzaji asiyejua huweza kukuambia kuwa noti ni ya mwaka huo, jambo lisilowezekana kwa kuwa dola yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Tahadhari kubwa iwekwe kwa dola ya Kundi la Mashariki. Noti hizi zilitumika kweli kweli, katika joto na jasho la visiwani, na nyingi zilizobaki zimekunjwa mara nyingi. Baadhi zimeoshwa na kupigwa pasi ili zionekane safi. Ilaze chini ya taa inayomulika kutoka pembeni: mikunjo iliyofutwa huonekana kama mistari hafifu, wino ulioinuka huwa umelala, na karatasi huwa imelegea bila ule mlio mkavu ukiitikisa kidogo. Tarehe kamili imechapwa kwenye noti, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya pande zote mbili pamoja na picha iliyopigwa dhidi ya mwanga.

Kwa zote nne, epuka mifuko ya plastiki laini yenye PVC, kwani huiharibu karatasi kadiri miaka inavyopita. Wanaoishi Pwani waongeze uangalifu kwa unyevu. Kabati la ukuta unaopata mvua si mahali pa albamu.

Inakokupeleka

Dola nyekundu hukuvuta kwenye ndugu zake: dola 2 ya bluu, 5 ya kijani, 10 ya kahawia, 20 ya zambarau na 100 nyeusi, ambazo gharama yake hupanda haraka. Lakini ipo njia nyingine nafuu zaidi, nayo ni kufuata warithi wake, yaani Trinidad, Guyana (iliyokuwa Guiana ya Uingereza), Barbados na Karibi ya Mashariki, kisha kuweka ukurasa huo ubavuni mwa ukurasa wa Afrika Mashariki ya 1964 hadi 1966.

Jamaika inatoa njia ndefu kuliko zote. Unaweza kukamilisha seti ya mwanzo ya Garvey, Bustamante, Bogle, Norman Manley na Gordon, kisha kuingia dola 500 ya 1994 yenye sura ya Nanny, kiongozi wa Wamaruni, yaani watumwa waliotoroka na vizazi vyao, hadi noti za polima, yaani za plastiki, zilizoanza kutumika mwaka 2023, ambamo Bogle na Gordon wamekaa pamoja kwenye dola 50. Anayefuata mstari huu ataona pia mfumuko wa bei kwa macho: shujaa aliyekuwa kwenye noti ya dola 2 yuko sasa kwenye ile ndogo kuliko zote, ya dola 50.

Kuba hukurudisha nyuma, kwenye noti za 1960 na 1961 zenye sahihi ya Che. Haiti hukupeleka kwenye seti nzima ya 2004, na kwa anayependa historia ya wanawake, kwenye gourde 10 iliyotangulia, yenye picha ya Catherine Flon akishona bendera ya kwanza. Wapenzi wa ufundi watatafuta pia noti za Haiti za mwanzo wa miaka ya 1980 zilizochapwa juu ya Tyvek, nyuzi za sintetiki zilizojaribiwa mahali pa karatasi kabla ya polima kuenea.

Nani achukue ipi

Ikiwa tayari unakusanya noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na unaweza kusubiri hadi ipatikane noti ya uaminifu, dola ya Kundi la Mashariki ndiyo itakayozungumza vizuri zaidi na ulivyo navyo. Chagua iliyotumika kwa kiasi na isiyoguswa, badala ya iliyosafishwa.

Ikiwa unataka noti moja tu, isimame peke yake na kueleza maana ya uhuru kwa mtu yeyote atakayeuliza, dola 2 ya Jamaika inafaa, na toleo lolote lililo safi linatosha. Inamfaa pia mwalimu wa historia anayetaka kitu cha kuwapitishia wanafunzi mkononi.

Ikiwa hamu yako ni historia ya mapinduzi, au unatoka Kigoma, Fizi au Uvira ambako wazee bado wanasimulia habari za Wakuba, anza na peso 3 na uweke akiba kwa ajili ya noti yenye sahihi.

Ikiwa bajeti ni ndogo, au unamnunulia kijana noti yake ya kwanza, gourde 10 itampa karatasi mpya, mwanamke askari na ngome ya mlimani kwa gharama ya kawaida sana. Na kama ukumbi wa shule au maktaba ndio utakaohifadhi mkusanyiko, ya Haiti na ya Jamaika zinunuliwe pamoja na kuonyeshwa zikiwa zimeelekezwa pande zote mbili, nakala mbili kwa kila moja, ili upande wa nyuma usifichwe.